Kumwanzishia mtoto chakula cha nyongeza: mwongozo kamili kuanzia miezi 6 hadi mwaka mmoja

Mtoto anapotimiza miezi 6, yaani siku 180 tangu azaliwe, maziwa ya mama bado ndiyo chakula chake kikuu, lakini hayamtoshi tena yakiwa peke yake. Akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo huwa inakaribia kwisha, na mwili wake unadai nishati zaidi ya ile anayoipata kwa kunyonya. Kwa mtoto anayenyonya vizuri, pengo hilo hukadiriwa kuwa kilokalori 200 hivi kwa siku kati ya miezi 6 na 8, kilokalori 300 kati ya miezi 9 na 11, na 550 katika mwaka wake wa pili. Chakula cha nyongeza hutolewa ili kuziba pengo hilo, wala si kuchukua nafasi ya kunyonya, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani linashauri liendelee hadi miaka 2 na zaidi.

Katika nyumba nyingi za Tanzania chakula cha kwanza ni uji, na wazazi wengi hutumia fedha nyingi kutafuta unga wenye nafaka za kila aina, wakiamini kwamba kadiri nafaka zinavyoongezeka ndivyo lishe inavyoongezeka. Mwongozo huu unashikilia jambo jingine: kinachoamua kama mtoto atakua vizuri ni uzito wa uji wenyewe na kile kinachoambatana na nafaka, hasa vyakula vitokanavyo na wanyama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mavuno ya mahindi, ilikuwa miongoni mwa ile yenye viwango vya juu kabisa. Unga haukukosekana huko.

Kabla ya kijiko cha kwanza

Umri peke yake hautoshi kuwa kipimo, ingawa ndio kipimo kikuu. Mtoto aliye tayari hukaa akiegemezwa kidogo bila kuanguka upande, shingo yake imekaza, hupeleka vitu mdomoni, hufuatilia kwa macho chakula cha wengine, na hasukumi kijiko nje kwa ulimi kila kinapogusa mdomo. Kilio cha usiku hakimo katika orodha hiyo. Mtoto wa miezi 3 au 4 anayeamka mara kwa mara kunyonya kwa kawaida anaongeza maziwa ya mama yake kwa njia ya asili, kwa kuwa ziwa linalonyonywa zaidi ndilo linalotoa zaidi. Akipewa uji wakati huo atanyonya kidogo, maziwa yatapungua kweli, na lile neno la jirani kwamba “maziwa hayamtoshi” litakuwa limejitimizia lenyewe. Ni busara kuwaeleza mapema bibi na dada anayebaki na mtoto, kwa heshima na kwa sababu zilizo wazi, kwa sababu mara nyingi kijiko cha kwanza hutolewa mama akiwa kazini.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati apangiwe na wataalamu wa kliniki, kwa kuwa umri wake huhesabiwa kwa namna tofauti. Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa huanza kumpa mtoto chakula cha nyongeza katika umri huohuo wa miezi 6 huku akiendelea kunyonyesha kama alivyoelekezwa kliniki.

Vifaa ni vichache: kibakuli cha mtoto mwenyewe, kijiko kidogo kisicho na ncha kali, kikombe cha wazi, chujio la waya, na kinu kidogo au uma wa kupondea. Blenda inasaidia, lakini si lazima, na ikitumiwa muda mrefu humzoeza mtoto vitu laini kupita kiasi. Kibakuli chake kiwe chake kweli, kwa sababu mtoto anayekula kutoka sahani ya pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani. Chupa ya kunyonyea haihitajiki kabisa: ni ngumu kusafisha, na uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni uji mwepesi mno usiofaa kuitwa chakula.

Siku za mwanzo

Chagua saa ya asubuhi au mchana ambayo mtoto ameamka vizuri, hana usingizi wala njaa kali, na ikiwezekana amenyonya kidogo kwanza. Mkalishe wima akikutazama. Anza na kijiko kimoja au viwili, kisha katika wiki hiyo ongeza hadi vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, mara 2 kwa siku. Chakula chenyewe kinaweza kuwa uji mzito, kiazi lishe kilichopondwa na kulainishwa kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa, boga, parachichi, au ndizi iliyoiva vizuri. Hakuna ulazima wa kuanza na kimoja kabla ya kingine, mradi nyama, samaki, yai au maini yasingoje miezi ipite.

Mtoto atakunja uso, atatema, na kingine kitaishia kifuani. Hiyo si dalili kwamba hakipendi. Ladha mpya huhitaji kuonjwa mara nyingi, pengine mara 8 au 10, kabla ya kukubaliwa, kwa hiyo chakula kilichokataliwa leo kirudishwe baada ya siku chache bila kulazimisha. Choo chake pia kitabadilika rangi, uzito na harufu, na vipande vya mboga vinaweza kuonekana humo jinsi vilivyoliwa. Mtoto akiwa mchangamfu, hilo halihitaji dawa.

Vyakula vinavyojulikana kuleta mzio kwa baadhi ya watoto, kama yai, karanga, samaki na vyakula vya maziwa ya ng’ombe, vitolewe kimoja kimoja, kwa kiasi kidogo, wakati wa mchana ili uweze kumwangalia. Vipele vinavyotokea ghafla, midomo au uso kuvimba, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida ni sababu ya kwenda kituo cha afya mara moja. Kuchelewesha vyakula hivi hadi mwaka mmoja au miwili, kama ilivyoshauriwa zamani, hakumkingi mtoto. Kwa karanga, ushahidi wa sasa unaelekea upande wa pili, kwamba kuanza mapema kwa wale walio katika hatari hupunguza mzio. Mtoto mwenye ukurutu mkali wa ngozi, au ambaye tayari amewahi kupata mzio wa chakula, aonwe na daktari kabla ya kuonjeshwa karanga.

Uzito wa uji

Hesabu ifuatayo ndiyo kiini cha mambo. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 hujaa kwa kikombe kimoja cha mililita 240 au pungufu. Ukipika uji wa kunywa kwa gramu 15 za unga katika kikombe cha maji, mtoto anapata kilokalori 50 hivi, yaani 20 katika kila mililita 100. Maziwa ya mama yana zaidi ya 60 katika kiasi hichohicho. Maana yake ni kwamba kila kikombe cha uji mwepesi kinachomshibisha mtoto na kumfanya anyonye kidogo kinamwondolea chakula kuliko kinavyomwongezea.

Uji wa mtoto hupikwa hivi. Koroga vijiko vinne vya chakula vya unga, takriban gramu 35, katika maji baridi kidogo ili usifanye mabonge, mimina kwenye maji yaliyochemka hadi jumla ifikie kikombe kimoja cha mililita 250, kisha acha uchemke kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15 huku ukikoroga. Karibu na kuepua, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga isiyo na chumvi wala sukari na ukoroge hadi iyeyuke. Unga hutofautiana, kwa hiyo kipimo cha mwisho ni kijiko: chota uji, kiinamishe, na uangalie. Ukibaki kwenye kijiko na kushuka taratibu, unafaa. Ukitiririka kama chai, rudisha jikoni. Kikombe hicho kina kilokalori 200 hivi, mara nne ya kile cha kwanza, na tumbo lilelile linakibeba. Mtoto wa miezi 6 hatakimaliza kwa mlo mmoja, na wala hatakiwi kukimaliza. Kinaweza kugawanywa mara mbili kama kitahifadhiwa ipasavyo. Pasipo karanga, kijiko cha chai cha mafuta ya kula huongeza kilokalori 40, na tui zito la nazi hufanya kazi hiyohiyo Pwani.

Wapo watoto wanaoshindwa na uji mzito, hasa wanapotoka kuugua. Kwao ipo njia ya kimea, ambayo wataalamu wa lishe wa Tanzania waliichunguza tangu miaka ya 1980. Loweka ulezi safi usiku mmoja, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili hivi hadi uchipue, uanike juani ukauke kabisa, pekecha na kupepeta vichipukizi vyote vitoke, kisha usage. Pika uji mzito kama kawaida, uache upoe kidogo ila ubaki wa moto, tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache utalainika wenyewe bila kuongezwa maji, kwa kuwa vimeng’enya vya kimea hukatakata wanga. Uchemshe tena kabla ya kumpa mtoto, maana nafaka iliyochipuliwa hubeba vijidudu vingi. Tumia ulezi na si mtama, kwa sababu vichipukizi vya mtama vina sumu.

Kuhusu unga wa lishe

Unga wa nafaka saba haumdhuru mtoto kwa kuwa na nafaka saba. Tatizo ni kwamba mahindi, mchele, ngano, uwele na ulezi ni vya kundi moja la chakula, na kuvichanganya hakuleti kundi jipya. Nafaka moja au mbili pamoja na jamii ya kunde zinatosha kwa uji. Sehemu tatu za nafaka kwa sehemu moja ya kunde ni uwiano mzuri wa kuanzia.

Soya ni nzuri, lakini mbichi ina viini vinavyozuia mmeng’enyo wa protini, kwa hiyo iingizwe kwenye maji yanayochemka kwa dakika 20 hadi 30, imenywe, ikaushwe, ikaangwe kavu, ndipo isagwe. Unga wa soya usiojulikana ulivyoandaliwa ni bora usinunuliwe. Dagaa na karanga visisagwe pamoja na unga wa mwezi mzima, kwani mafuta yake huufanya uvunde haraka. Viongezwe wakati wa kupika.

Jambo zito zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kwa kiasi kidogo kisichoonekana inahusishwa na udumavu. Kupika hakuiondoi. Chambua punje zote zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, na usizisage kwa hoja kwamba zitafaa uji wa watoto. Mashine nyingi za kusaga hazijui tofauti. Kwa sababu hii ulezi na mchele ni nafaka za kuaminika zaidi kuliko mahindi, na kutegemea mahindi na karanga kila siku, mlo kwa mlo, si jambo la kushauriwa.

Chakula kitokanacho na wanyama

Hapa ndipo bakuli nyingi huwa tupu. Kati ya miezi 7 na 12 mtoto anahitaji madini chuma mengi kwa siku kuliko baba yake, na hakuna kiasi cha uji kinachoweza kumpatia. Maini ya kuku, ng’ombe au mbuzi ndiyo njia rahisi: yachemshe hadi yaive kabisa, yaponde au yakwaruze kwenye kikwaruzio cha karoti, kisha changanya kijiko kimoja na viazi au ndizi. Mara moja au mbili kwa wiki zinatosha, kwa kuwa yana vitamini A nyingi sana. Siku nyingine tumia nyama iliyochemshwa hadi ilainike na kusagwa. Supu peke yake haitoshi. Mtoto anayepewa mchuzi huku nyama ikiwekwa kwa wakubwa amepewa ladha tu.

Dagaa ni wa bei nafuu kuliko nyama na wana madini chuma, zinki na kalsiamu. Ondoa vichwa na matumbo, waoshe hadi mchanga uishe, waanike, wakaange kavu hadi wakauke, watwange na kuwachekecha. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kwenye mlo wa mboga au viazi kinatosha kwa mwanzo. Wale waliohifadhiwa kwa chumvi waepukwe. Sato, changu au samaki yeyote mbichi huchemshwa, huchambuliwa miiba kwa vidole na si kwa macho, na kupondwa. Yai hupikwa likakauka, kiini na ute vyote viwili. Imani kwamba mtoto anayepewa mayai atakuwa bubu au mwizi imewanyima wengi chakula kilichokuwa bandani mwao.

Mtori wa mtoto unakusanya haya yote katika sufuria moja: ndizi mbichi mbili, kiazi mviringo kimoja, kipande cha nyama laini cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, karoti nusu na kitunguu kidogo, vyote vichemshwe na maji machache hadi viive, vipondwe, kisha viongezwe majani machache ya mchicha yaliyokatwakatwa na kijiko cha chai cha mafuta, vichemke dakika tatu nyingine. Chumvi haihitajiki. Nyama husaidia madini chuma yaliyo kwenye mchicha yafyonzwe, na kipande cha papai au embe baada ya mlo huongeza msaada huo kwa vitamini C yake.

Kwa siku nzima lenga angalau makundi 5 kati ya 8: maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi; jamii ya kunde na karanga; maziwa ya wanyama; nyama, samaki na maini; mayai; mboga na matunda yenye rangi ya njano au kijani iliyokolea; na mboga na matunda mengine. Maharage na choroko hulowekwa usiku, hupikwa hadi yapasuke, na huchujwa maganda katika miezi ya mwanzo.

Kutoka kupondwa hadi kutafunwa

Mtoto asibaki kwenye chakula laini kwa sababu tu hana meno. Fizi zake zina nguvu ya kutosha. Kuanzia mwezi wa saba ponda kwa uma badala ya kuchuja. Kufikia miezi 8 mpe vipande laini vya kushika mwenyewe, kama boga lililoiva au kiazi lishe kilichokatwa kwa urefu wa kidole. Kati ya miezi 9 na 11 chakula kiwe kimekatwakatwa, na kufikia mwaka mmoja ale kile kinacholiwa na familia, kikitolewa kabla ya pilipili na chumvi. Wanaocheleweshewa mabongemabonge hadi baada ya miezi 10 mara nyingi husumbua kula baadaye.

Kiasi huongezeka sambamba. Kati ya miezi 6 na 8, milo 2 hadi 3 kwa siku, ikikua polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kati ya 9 na 11, milo 3 hadi 4 ya nusu kikombe, pamoja na asusa 1 au 2 kama tunda. Baada ya mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Mama anayetoka kazini jioni asikwepe kunyonyesha usiku kwa sababu mtoto “ameshaanza kula”.

Kulisha kwenyewe ni mazungumzo. Mtazame, msemeshe, ngoja ameze, na akigeuza uso au kufunga mdomo, pumzika kisha jaribu mara moja tena. Kumbana pua, kumlaza chali na kummiminia uji kwa kiganja, desturi ambayo bado ipo, kunaweza kupeleka chakula kwenye mapafu na kumfanya aogope kula.

Usafi, hatari na maradhi

Kuhara huongezeka katika umri huuhuu wa kuanza chakula, na chanzo mara nyingi ni mikono na maji. Osha mikono kwa sabuni, yako na yake, na mpe maji yaliyochemshwa kwa kikombe. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na kilichobaki kwenye bakuli alilolia kitupwe. Chupa ya chai huweka uji katika uvuguvugu ambao vijidudu huupenda, hivyo uji wa asubuhi usiliwe kutoka humo alasiri. Pasipo jokofu, ni salama kupika kidogo mara mbili.

Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja hata kwa kulambishwa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto mchanga. Chai, ya rangi au ya maziwa, huzuia madini chuma yasifyonzwe. Soda, juisi za pakiti, biskuti na sukari kwenye uji havina nafasi. Maziwa ya ng’ombe yaliyochemshwa yanafaa kupikia, ila yasichukue nafasi ya kunyonya.

Karanga nzima, bisi, njegere nzima, zabibu zisizokatwa na vipande vya karoti mbichi vinaweza kumkaba mtoto. Anayekohoa na kulia bado anapumua, mwache akohoe. Asiyeweza kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, kisha mgeuze na umkandamize mara 5 katikati ya kifua, ukirudia hadi kitu kitoke huku mwenzako akitafuta msaada. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Mtoto anayeumwa aendelee kunyonya mara nyingi zaidi na apewe milo midogo ya vyakula anavyovipenda. Akipona, aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Anapohara, kituo cha afya hutoa maji yenye chumvichumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki. Vidonge hivyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14, na vimalizwe hata kuhara kukikoma. Mpeleke bila kungoja akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyozama, akitapika kila kitu au akikataa hata kunyonya. Katika siku za kawaida, kadi ya kliniki ipelekwe kila mwezi: mstari wa uzito uliolala au kushuka ni sababu ya kukaa na mtoa huduma na kumweleza kwa kina mtoto anakula nini, mara ngapi, na uji wake una uzito gani. Kuanzia miezi 6 ulizia pia matone ya vitamini A, yanayotolewa kila baada ya miezi 6.